Vibali vya kazi: Yampasayo mwajiri kujua kabla ya kumwajiri raia wa kigeni

WAAJIRI wengi nchini hudhani kwamba kulegezwa kwa masharti ya kuingia Kenya kumelegeza vilevile masharti ya kufanya kazi humu. Dhana hiyo ni potovu, na anayeishikilia huenda akajipata mahakamani akikabiliwa na faini ya hadi Sh500,000, kifungo cha hadi miaka mitatu, au adhabu zote mbili.

Ni kweli kwamba mengi yamebadilika. Januari 2024, Kenya iliacha kutoa viza za kawaida kwa wageni na badala yake ikaanzisha idhini ya kusafiri ya kielektroniki, maarufu kama eTA. Julai 2025, serikali iliwaondolea sharti la idhini hiyo raia wa takriban mataifa yote ya Afrika, isipokuwa Somalia na Libya. Kabla ya hapo, raia wa Uganda na Rwanda walikuwa tayari wakivuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa, utaratibu ulioanza 2014.

Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya mabadiliko hayo linalompa mgeni ruhusa ya kushika kazi. Mlango wa kuingia nchini ni mmoja, na mlango wa kuingia kazini ni mwingine. Wa kwanza umefunguliwa wazi kadiri miaka ilivyosonga. Wa pili ungali una mlinzi wake, na ufunguo wake ni kibali cha kazi.

Suala hili haliyahusu makampuni makubwa ya kigeni pekee, ambayo aghalabu huwa na mawakili wa kuyashughulikia. Linamhusu pia mwenye shule ya kibinafsi mjini Busia anayemwajiri mwalimu wa hisabati kutoka Uganda, mwenye hoteli Diani anayehitaji mpishi kutoka ng'ambo, mwenye saluni Nairobi aliyempa kazi msusi kutoka Tanzania au Kongo, na hata kanisa linalomkaribisha mhubiri wa kujitolea.

Sheria ilikotoka

Kwa zaidi ya miaka 40, ajira ya wageni iliongozwa na Sheria ya Uhamiaji ya 1967, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huo. Serikali changa ya Mzee Jomo Kenyatta ilikuwa imekusudia kuwapa wananchi nafasi za kazi zilizokuwa mikononi mwa wasio raia, na kibali kikawa mojawapo ya nyenzo za kuitekeleza sera hiyo.

Athari zake zilionekana mara moja. Maelfu ya Waasia waliokuwa na pasipoti za Uingereza, wengi wao makarani, mafundi na wafanyabiashara, walianza kuondoka kwa haraka. Msafara huo ulishika kasi hadi Machi 1968, Uingereza ilipopitisha sheria ya kuwazuia. Hapo ndipo waajiri wengi walipotambua kwamba badiliko la sheria ya uhamiaji linaweza kukiacha kiwanda bila fundi na ofisi bila mhasibu katika kipindi cha miezi michache.

Sheria hiyo ya kale ilifutwa na Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011, iliyoanza kutumika Agosti 30 mwaka huo baada ya nchi kupata Katiba mpya. Mwaka uliofuata, kanuni za kuitekeleza zilichapishwa. Sheria hiyo pamoja na kanuni zake, jinsi zilivyofanyiwa marekebisho tangu wakati huo, ndizo zinazomwongoza mwajiri.

Kosa si la mgeni peke yake

Jambo la kwanza ambalo waajiri wengi hawalifahamu ni kwamba sheria haimwadhibu mgeni pekee. Kumwajiri asiye na kibali ni kosa linalojitegemea, na adhabu yake ni ile ile.

Sheria ya 2011 inakataza mambo matatu. Inakataza kumwajiri raia wa kigeni aliyeingia nchini kinyume cha sheria. Inakataza kumwajiri yule ambaye hadhi yake ya uhamiaji haimruhusu kufanya kazi, hata kama aliingia kwa njia halali. Tatu, inakataza kumwajiri kwa masharti au katika wadhifa ulio tofauti na ule ulioidhinishwa.

Katazo hilo la tatu ndilo linalowanasa waajiri wenye nia njema. Kibali cha kazi hakitolewi kwa mtu tu. Hutolewa kwa mtu fulani, kwa kazi fulani, kwa mwajiri fulani. Mgeni aliyepewa kibali cha kuwa mhandisi wa mitambo katika kampuni moja hawezi kuhamishwa kuwa meneja wa mauzo katika kampuni dada, hata kama zote mbili zinamilikiwa na mtu mmoja na zimo katika jengo moja. Anapohamishwa hivyo bila idhini ya Idara ya Uhamiaji, kibali chake hupoteza nguvu, na wote wawili, mwajiri na mwajiriwa, huwa wametenda kosa.

Jambo la pili ni kwamba kutolipa mshahara si kinga. Sheria inataja kumwajiri mtu awe analipwa au halipwi. Kwa hivyo, shirika linalompokea kijana wa kujitolea kutoka Ulaya, au kampuni inayompokea mwanafunzi wa kigeni kwa mafunzo ya kazini, haliwezi kujitetea kwamba hakuna aliyelipwa hata senti. Kuna pasi maalum kwa wanafunzi na kwa walio katika mafunzo ya kazi, na zinapaswa kuombwa.

La tatu ni kiwango cha ufahamu kinachohitajika. Mwajiri huwa na hatia iwapo alijua, au alikuwa na sababu za kutosha kuamini, kwamba mfanyakazi wake hakuwa na ruhusa. Aliyefumba macho makusudi asione karatasi zilizokwisha muda hawezi kudai hakujua.

Mbali na mahakama, kuna hasara ya kazi yenyewe. Mfanyakazi asiye na kibali anaweza kukamatwa na kurejeshwa kwao wakati wowote. Shule inaweza kumpoteza mwalimu wake wiki chache kabla ya mtihani wa kitaifa, na mjenzi akampoteza msimamizi wa mradi msingi ukiwa umechimbwa nusu.

Madaraja ya vibali

Vibali hupangwa kwa madaraja yanayotambulishwa kwa herufi. Mwajiri anayelijua daraja la mgeni wake hujua papo hapo anachoweza na asichoweza kumpa kufanya.

Daraja A ni la utafutaji na uchimbaji wa madini, na B ni la kilimo na ufugaji. C ni la wanataaluma wa fani zilizoainishwa na sheria. D ndilo la ajira, na ndilo linalowahusu waajiri wengi zaidi. F ni la wenye viwanda, na G ni la wafanyabiashara na washauri, ambao hutakiwa kuthibitisha mtaji usiopungua dola 100,000 za Marekani. Daraja I ni la shughuli za kidini na za hisani zilizoidhinishwa. K ni la wakazi wa kawaida wenye mapato yao wenyewe, na M ni la wakimbizi.

Mabadiliko ya 2024 yaliongeza madaraja mengine. Daraja N liliwekwa kwa wageni wanaoishi Kenya huku wakifanya kazi kwa njia ya intaneti kwa waajiri walio ng'ambo. P ni la wanaohudumu katika Umoja wa Mataifa, balozi na mashirika ya kimataifa yaliyoidhinishwa, na R ni la raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Yapo makosa matatu ya mara kwa mara kuhusu madaraja haya. La kwanza ni kumwajiri mwenye Daraja K. Kibali hicho humruhusu kuishi nchini kwa mapato yake, wala hakimruhusu kuajiriwa. Wengi walio nacho ni wastaafu wenye ujuzi mkubwa, na hoteli au shule huvutika kuwapa kazi ndogo ndogo bila kujua kwamba zinavunja sheria.

La pili ni kumpa kazi mwenye Daraja N. Mtu huyo ameruhusiwa kukaa Nairobi au Watamu akiandika programu za kompyuta kwa ajili ya kampuni iliyoko Berlin. Kampuni ya Kenya inayompa kazi ya muda kwa sababu tu tayari yumo nchini humtoa nje ya masharti ya kibali chake.

La tatu linahusu mke au mume wa mfanyakazi mwenye kibali. Pasi ya mtegemezi humruhusu kuishi na mwenzake, lakini haimruhusu kufanya kazi. Akitaka kuajiriwa, ni lazima ombi la kibali chake mwenyewe lipelekwe.

Anachotakiwa kuthibitisha mwajiri

Kibali cha Daraja D huombwa kabla mgeni hajaanza kazi, kupitia mtandao wa Idara ya Uhamiaji. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwajiri. Swali kuu analoulizwa ni moja: Je, ujuzi huu haupatikani miongoni mwa Wakenya?

Ili kulijibu, mwajiri huhitajika kuonyesha vyeti vya elimu na tajriba ya mgeni, barua ya kueleza sababu za kumhitaji, mkataba wa kazi, na stakabadhi za usajili wa kampuni pamoja na za ulipaji ushuru. Katika taaluma zinazosimamiwa na bodi, kama vile udaktari na uhandisi, idhini ya bodi husika huhitajika pia. Ombi lisiloambatishwa idhini hiyo hukwama hata kama mwombaji ni bingwa wa fani yake.

Fauka ya hayo, mwajiri hutakiwa kuwataja Wakenya watakaojifunza kazi hiyo chini ya mgeni ili hatimaye waichukue. Sharti hili hupuuzwa na wengi wanaolichukulia kuwa ni kujaza fomu tu. Athari zake huonekana wakati wa kuomba kibali kiongezwe muda. Kwa kawaida kibali cha Daraja D hudumu miaka miwili, na mwajiri anayerudi baada ya muda huo bila kuonyesha kwamba Mkenya yeyote amefunzwa huwa amejidhoofishia hoja yake mwenyewe.

Kwa miaka mingi, kumekuwa pia na mwongozo wa serikali unaowalenga wageni wenye ujuzi wa juu. Tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010, umri wa miaka 35 na mapato ya dola 24,000 kwa mwaka vimekuwa vigezo vya kupimia iwapo mgeni anastahili nafasi ambayo kijana Mkenya angeijaza. Mwajiri anayemtaka mgeni wa umri mdogo au wa mshahara wa chini anapaswa kujiandaa kwa maelezo ya kina zaidi.

Gharama nayo haikubaki palepale. Kanuni za 2012 ziliweka ada ya Sh10,000 ya kushughulikia ombi la Daraja D, na Sh200,000 kwa kila mwaka wa kibali. Ada hizo zimepandishwa tangu hapo, na ile ya kushughulikia ombi hairejeshwi hata ombi likikataliwa. Ni busara kwa mwajiri kutazama orodha rasmi ya ada siku anayopanga bajeti, badala ya kutegemea kumbukumbu ya kibali alichoomba miaka mitano iliyopita.

Majirani wa Afrika Mashariki

Hakuna sehemu ya sheria hii iliyozua mkanganyiko kama ile inayowahusu raia wa nchi jirani. Baadhi ya waajiri huamini kwamba Mganda au Mnyarwanda hahitaji kibali kamwe. Wengine huamini kwamba ni sharti atozwe ada kama Mzungu. Wote wawili wamekosea.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Kifungu cha 10 cha Itifaki hiyo kinawahakikishia wafanyakazi wa nchi wanachama uhuru wa kwenda kutafuta kazi na kuifanya katika nchi nyingine mwanachama, bila kubaguliwa kwa misingi ya uraia. Uhuru huo hauhusu ajira katika utumishi wa umma, ila pale sheria za nchi zinaporuhusu. Aidha, nchi inaweza kuuwekea mipaka kwa sababu za sera ya umma, usalama wa umma au afya ya umma.

Hata hivyo, Itifaki haikufuta kibali. Kanuni zake zinasema kwamba mfanyakazi mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 ataomba kibali cha kazi katika muda wa siku 15 za kazi tangu kufunga mkataba. Mamlaka husika nayo inatakiwa kutoa kibali ndani ya siku 30, kwa kipindi cha mwanzo kisichozidi miaka miwili, na kinaweza kuongezwa muda. Kwa mkataba wa siku 90 au pungufu, hutolewa pasi maalum.

Kilichoondolewa ni ada. Kenya, Uganda na Rwanda ziliafikiana kuondoleana ada za vibali vya kazi, na Daraja R lililoanzishwa 2024 limewatenga raia wa Jumuiya na wageni wengine. Kwa hivyo mwalimu yule wa Busia hana ada ya kibali ya kumtia mwajiri wake hofu. Anachohitaji ni kuandikiwa mkataba, kuombewa kibali kwa wakati na kusajiliwa. Inasikitisha kwamba baadhi ya waajiri hukiuka sheria kwa kuogopa gharama isiyokuwepo, na wafanyakazi wao huishi kwa kujificha ilhali sheria imewafungulia njia.

Mwajiri akumbuke pia kwamba Jumuiya imepanuka. Sudan Kusini ilijiunga 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia 2024. Nchi mpya huingia katika utekelezaji wa Itifaki kwa hatua, na kwa sababu hiyo, mwenye kumwajiri raia wa nchi hizo anapaswa kupata uthibitisho wa Idara ya Uhamiaji kuhusu daraja na ada inayomfaa kabla ya kutia saini mkataba.

Mkenya anayefurahia milango ya Kenya ikifungwa kwa majirani naye ana sababu ya kutafakari. Tanzania ilipitisha sheria yake ya kudhibiti ajira za wasio raia mwaka wa 2015, na miongoni mwa walioguswa walikuwa walimu Wakenya waliokuwa wakifundisha katika shule za kibinafsi huko. Kila nchi ya Jumuiya ni mwajiri wa raia wa nyingine, na utaratibu unaofuatwa Nairobi hutazamwa Kampala, Kigali na Dar es Salaam.

Wakimbizi wana haki ya kazi

Kenya ilikuwa na zaidi ya wakimbizi na waomba hifadhi 800,000 kufikia 2025, wengi wao katika kambi za Dadaab na Kakuma, na wengine katika miji kama Nairobi. Miongoni mwao wamo wauguzi, walimu, mafundi wa umeme na washonaji.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inatambua wazi kwamba mkimbizi ana haki ya kufanya kazi ya kujipatia riziki, kuanzisha biashara, na kutumia taaluma yake iwapo vyeti vyake vinatambuliwa na mamlaka husika za Kenya. Kibali chake ni cha Daraja M, na hakitozwi ada.

Mwajiri anapaswa kutofautisha kati ya mkimbizi aliyekwisha kutambuliwa na mtu ambaye ombi lake la hifadhi lingali linachunguzwa. Anapaswa pia kuhakikisha kwamba mfanyakazi aliyesajiliwa kambini ana ruhusa ya kuwa nje ya kambi. Hati hizo mbili, ya utambulisho na ya ruhusa ya kusafiri, zikikosekana, haki iliyomo katika sheria haimfikii mwenyewe.

Sheria hiyo imefungua njia nyingine pia. Mkimbizi aliye raia wa nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anaweza, kwa hiari yake, kuacha hadhi ya ukimbizi na kunufaika na haki za raia wa Jumuiya. Uamuzi huo ni mzito, kwani humwondolea ulinzi aliokuwa nao kama mkimbizi. Si wa kushinikizwa na mwajiri anayetaka urahisi wa karatasi.

Tangazo si sheria

Novemba 28, 2017, Rais Uhuru Kenyatta alipoapishwa kwa kipindi cha pili uwanjani Kasarani, alitangaza kwamba raia wa Afrika Mashariki wataweza kufanya kazi, kufanya biashara, kumiliki mali na kuishi Kenya wakitumia kitambulisho tu. Makofi yalikuwa mengi, na waajiri wengi walichukulia kwamba vibali vimekwisha siku hiyo.

Mei 2018, miezi sita baadaye, Wizara ya Usalama wa Ndani chini ya Dkt Fred Matiang'i ilianzisha shughuli ya siku 60 ya kuhakiki vibali vya wageni wote wanaofanya kazi nchini. Ilipokamilika, msako ulifuata. Sheria ya 2011 haikuwa imebadilishwa na hotuba ya Kasarani, na waliokuwa na karatasi ndio waliolala usingizi.

Funzo ni kwamba nia ya serikali, hata ikitamkwa na Rais, haimlindi mwajiri mpaka iandikwe. Sheria hubadilishwa na Bunge. Kanuni na ada hubadilishwa na Waziri kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na chini ya sheria ya 2013 inayosimamia kanuni za aina hiyo, lazima ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa. Mahakama Kuu nayo inaweza kuzisimamisha iwapo wananchi hawakushirikishwa jinsi Katiba inavyotaka.

Kwa hivyo, kila mwajiri anaposikia habari za badiliko anapaswa kuuliza: Limechapishwa wapi? Linaanza kutumika lini? Je, linawahusu walio na vibali tayari, au wanaoomba upya tu? Maswali hayo yamewaokoa wengi na gharama zisizo za lazima, na yamewaokoa wengine na uzembe.

Baada ya kibali kupatikana

Kazi ya mwajiri haishii kibali kinapotolewa. Mgeni anayekaa nchini kwa zaidi ya miezi mitatu mfululizo anatakiwa kujisajili na kupata kitambulisho cha raia wa kigeni. Kibali bila kitambulisho hicho ni kazi iliyofanywa nusu.

Mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima uwe wa maandishi, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya 2007. Sheria hiyo pia inamtaka mwajiri amhakikishie mfanyakazi mhamiaji aliyemo nchini kihalali usawa wa fursa. Mgeni si mtu wa kulipwa nusu ya mshahara kwa sababu tu hana pa kulalamikia.

Katika ushuru, mgeni anahitaji nambari ya PIN ya Mamlaka ya Ushuru (KRA), na mwajiri anawajibika kukata kodi ya mapato kila mwezi. Makato mengine ya kisheria, kama vile bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ambao mwajiri huongezea kiasi sawa na hicho, yanapaswa kuzingatiwa tangu mshahara wa kwanza. Rekodi za ushuru ni miongoni mwa stakabadhi zinazotazamwa kibali kinapoombewa muda zaidi.

Lipo pia suala la pasipoti. Baadhi ya waajiri huzifungia pasipoti za wafanyakazi katika sefu kwa kisingizio cha kuzihifadhi. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa na huaminiwa mwenye jina lake. Anayeizuia ili kumfunga mfanyakazi asiondoke anakaribia kosa zito chini ya Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010. Nakala yatosha kwa faili ya ofisi. Wakenya ambao jamaa zao walinyang'anywa pasipoti katika nchi za Ghuba hawahitaji kuelezwa ubaya wa tabia hiyo.

Ajira inapokoma, kibali nacho hukoma. Mwajiri anapaswa kuiarifu Idara ya Uhamiaji kwa maandishi bila kuchelewa na kuhifadhi nakala ya barua hiyo. Asiyefanya hivyo huendelea kuhesabiwa kuwa mwajiri wa mtu ambaye hata hajui aliko.

Madalali na vibali bandia

Panapo foleni hapakosi dalali. Wapo wanaojitokeza wakidai kuwajua wakubwa katika Jumba la Nyayo na kuahidi kibali kwa siku tatu. Wengine hutoa karatasi yenye muhuri unaofanana na wa kweli, na mwajiri hugundua ukweli siku maafisa wanapobisha hodi.

Njia ya kujilinda ni rahisi. Maombi hufanywa kwa mtandao na malipo hupitia jukwaa la eCitizen, ambalo hutoa risiti. Hakuna ada halali inayolipwa mkononi au katika simu ya mtu binafsi. Mwajiri anaweza kumtumia wakili au mshauri, lakini ahakikishe kwamba ombi limeandikishwa kwa jina la kampuni yake na kwamba yeye mwenyewe anaweza kulifuatilia. Kibali ambacho mgeni alikuja nacho kutoka kwa mwajiri wa awali kisikubaliwe kwa kukitazama tu. Kithibitishwe katika Idara ya Uhamiaji, na ombi jipya lipelekwe, kwani kile cha zamani hakihamiki.

Ombi likikataliwa, mwajiri asimweke mgeni kazini akisubiri bahati. Aulize sababu kwa maandishi, arekebishe kasoro na kuomba upya, au aelekee Mahakama Kuu iwapo anaamini uamuzi haukufuata sheria.

Ya kukaguliwa kabla ya siku ya kwanza ya kazi

Kwa muhtasari, mwajiri anayetaka kumwajiri raia wa kigeni anashauriwa kuyakagua haya:

- Je, mgeni yumo nchini kwa hati gani, na inamruhusu kufanya nini?

- Je, ni raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni mkimbizi, au ni mgeni wa kawaida? Jibu ndilo linaloamua daraja na ada.

- Je, cheo, mahali pa kazi na jina la mwajiri yaliyo katika kibali yanalingana na yale ya mkataba?

- Je, bodi ya taaluma yake imemwidhinisha?

- Je, Wakenya watakaojifunza kazi hiyo wametajwa, na wameanza kufunzwa kweli?

- Je, ana kitambulisho cha raia wa kigeni na PIN ya KRA?

- Je, tarehe ya kumalizika kwa kibali imeandikwa mahali ambapo mtu ataiona miezi mitatu kabla?

- Je, ada na masharti yanayotumiwa ni ya mwaka huu, au ni ya kibali cha zamani?

Faili yenye majibu ya maswali hayo, iliyowekwa mahali ambapo afisa wa uhamiaji akija itapatikana mara moja, ndiyo ngao ya mwajiri. Kuiandaa huchukua siku chache. Kesi mahakamani huchukua miezi, na mfanyakazi aliyeondolewa nchini kwa kukosa karatasi moja aghalabu harudi.